Saa ya Kurudi

Penye lango la hifadhi kuna kisanduku cha bati,
ndani yake daftari, na penseli iliyofungwa kwa uzi.
Jina. Idadi ya watu. Njia. Saa ya kurudi.
Baba akavua glavu kwa meno, akaandika polepole
kama anayetia sahihi deni:
Clem Tregurtha, na Merrin binti yake. Wawili.
Kwenye njia akaandika: ile ya zamani.
Saa ya kurudi akairuka.

"Jaza," nikamwambia. "Watatutafuta."
"Wakinitafuta watanipata," akasema, tukaingia.

Mei, Tasmania, nyanda za juu.
Baridi isiyopiga kelele, inayoingia kwa mkono wa koti
na kukaa.
Njia ni ya mbao, mbao zimevikwa wavu wa banda la kuku
ili buti zisiteleze,
na chini yake vijito, maji mekundu kama chai ya mkandaa.

Zamani hapakuwa na mbao.
Palikuwa na mvulana wa miaka kumi na minne
na gunia la nyaya begani,
akifuata vijia vya wanyama kabla jua halijapanda,
akitega, akitegua,
akihesabu ngozi kwa dazeni:
walabi dazeni sita, posamu dazeni tisa,
zikikauka juu ya moshi kibandani,
na mama yake mjini akipata viatu.
Na wombati, aliyenaswa kwa bahati mbaya,
huyo hakuhesabiwa. Ngozi yake haikuwa na bei.
Haya sikuyasoma popote. Nimeyachuma kwake,
neno moja Krismasi hii, jingine msibani.

Karibu na bwawa kamba ya buti lake ikafunguka.
Akainama, goti likalia.
Nikaona vidole vyake vikienda vyenyewe,
zungusha, pitisha, vuta,
na pale juu ya buti, badala ya fundo la kiatu,
kikakaa kitanzi.
Kizuri. Kinateleza vizuri kabisa.
Akakitazama kama barua aliyodhani ameichoma.
Mazoea yana taabu: miaka sabini,
na mkono bado unajua kazi.
"Nifungie wewe," akasema,
akanyoosha mguu kama mtoto wa chekechea.

Nikafunga. Ndipo tulipomsikia akitafuna.

Wombati. Mnene, mfupi, mto wa sofa ulioota miguu,
hatua nne kutoka kwetu,
anang'oa nyasi na kuzitafuna kwa sauti
ya mtu asiye na mgeni.
Kinyesi chake juu ya jiwe kimekaa pembe nne, nadhifu,
kama vipande vya sukari guru.
Nikataka kucheka. Baba hakucheka.
Alikuwa amezuia pumzi, mkono wa kulia chini,
kiganja wazi kikimwelekea mnyama,
kama anayeonyesha kuwa hana kitu.

Mnyama hakumtazama.
Alikuja, akapita kati ya fimbo na buti,
ubavu ukapangusa suruali,
akaendelea na nyasi zake.
Mla ni mla leo.

Sijui tulisimama muda gani.
Jua, ambalo Mei huku ni sarafu tu, likadondoka nyuma ya mlima.
Ndege mweusi mwenye jicho la njano akatukemea.
Vidole vyangu vikafa ganzi.
"Mmoja," baba akasema mwishowe,
kwa sauti ile ya kuhesabu.
Nikangoja wa pili. Hakusema tena.

Kibandani hatukufika. Kilibaki mbele huko
na misumari yake na masizi yake;
baba aligeuka bila kueleza.

Langoni nikammulikia kwa simu.
Akautafuta mstari wetu,
akajaza pale alipoparuka: saa kumi na moja kasorobo.
Kisha, pasipo na safu wala swali,
pembeni kabisa ya ukurasa, akaongeza:
hakunijua.

Penseli akaiachia. Ikaning'inia kwenye uzi, ikizunguka,
nikaishika mpaka ikatulia.